Jibini Moto na Maji Baridi

Miaka ile baada ya vita, katika kutangatanga kwangu, nilipata kazi ya kuosha vyombo kwa setla mmoja Mswisi, mwenye shamba la kahawa juu ya Machame. Mpishi wake alikuwa mzee wa Kichagga. Shule niliiacha mapema, ila kuuliza sikuacha, na jikoni mle kulikuwa na la kuuliza: jibini iliyoyeyushwa chunguni pamoja na divai nyeupe. Wenyewe walichovya mkate humo, wakashushia kwa divai ileile.

"Mzee, kwa nini wasinywe maji?"

"Wewe ungemuuliza hata ng'ombe kwa nini anacheua. Bwana anasema ukali wa divai hukata mafuta. Maji baridi huigandisha jibini tumboni ikawa jiwe. Mtu hufa."

Jumapili moja alikuja kula afisa wa polisi kutoka Moshi, Mwingereza. Bwana alikuwa ameungua mkono, akamwambia mzee amimine divai. Mzee akatia kidogo kwenye kikombe, akanywa, kisha akaijaza glasi ya mgeni. Kwao mgeni hapewi pombe kabla anayeitoa hajaionja, ijulikane haina sumu. Alikuwa anamheshimu. Lakini sheria ya Waingereza ilimkataza Mwafrika divai, na watu walifungwa kwa hilo.

"Umekunywa?" afisa aliuliza.

"Nimeonja, bwana mkubwa. Ndiyo desturi yetu."

Afisa akaisukuma glasi pembeni. "Leteni maji baridi."

Bwana akaagiza maji yaletwe. Hata yeye aliishi kwa ruhusa ya Waingereza.

Maji niliyapeleka mimi. Akanywa, akachovya mkate, akanywa tena. Niliporudi jikoni nilimkuta mzee ameketi juu ya gunia la mkaa.

"Akishikwa na tumbo, watasema mpishi alitia kitu," alisema. "Nani atayataja maji?"

Kule mezani afisa akakohoa. Mzee akainuka.

Mke wa bwana aliingia jikoni upesi. "Chai," alisema kwa sauti ndogo. "Ya moto sana. Chai nayo huilainisha jibini."

Mzee aliipeleka. Mimi nilichungulia mlangoni.

"Hii hujaionja," afisa akamwambia.

"Chai mlituletea ninyi, bwana mkubwa. Desturi yetu ni ya pombe."

Afisa akakivuta kikombe, akanywa. Akaomba kikombe cha pili.

Motokaa yake ilipoteremka kwenda Moshi nilimwambia mzee yamekwisha.

"Tumbo lina saa yake," akajibu. "Na askari wana yao."

Wiki ile nzima, kila motokaa iliyonguruma kupanda mlima, mzee alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, ili akichukuliwa asiondoke na kitu cha bwana. Nami nilisimama karibu na mlango wa nyuma, tayari kukimbia. Zote zilikuwa malori ya kahawa.