Nyumba ya Tata Iliyofungwa kwa Waya

Nakumbuka asubuhi moja pale Thika, miaka ya hamsini, mzungu wa mipango ya mji alituita baraza. Sheria ya zamani ilisema Mwafrika asijenge mjini kama si kwa mawe. Mawe tungetoa wapi? Ndio maana tata Wanjiru, dada ya baba yangu, muuza uji, alikuwa analala chumba kimoja na familia mbili zingine, pazia ni gunia. Sasa mzungu akasema sheria imelegezwa: mbao na mabati, ruhusa.

Watu wakapiga makofi. Tata hakupiga.

"Na ardhi ni ya nani?"

Mkalimani akaenda kuuliza, akarudi. "Ukuta ni wako, mama. Ardhi ni ya kanjo, halmashauri ya mji."

"Haiya! Mnanipa kofia, na kichwa mmeshika nyinyi!"

Hata hivyo ploti alichukua, mwanangu. Lakini fundi alipotoa misumari, akamkataza. Kila nguzo, kila bati, ifungwe na waya. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza, "Tata, hii ni nyumba ama ni kizimba cha kuku?"

"Cheka, lakini vuta waya."

Majirani walipiga misumari, wakamwaga simiti. Hatukukaa sana, mzungu mwingine akaja na vigingi vya kupimia ardhi: hapa sasa ni mahali pa viwanda, tokeni. Fidia? Ati nyumba za muda hazina fidia. Trekta ikaingia, mbao za watu zikawa kuni.

Tata aliita wamama wenzake. Unajua kwetu zamani nyumba ilijengwa kwa siku moja, moto uwake ndani kabla ya giza. Basi wakakata waya asubuhi, wakapakia kila kitu kwa lori la mawe, ndio, la mawe, mpaka kipande cha shamba alichokatiwa na kaka yake huko Ruiru. Wakaifunga upya, na jioni moshi ukatoka. Akanigeukia, "Haya, kijana. Kuku wamefika?"

Mimi na mdomo wangu tukaenda kuteka maji.

Leo nasikia sheria za ujenzi zinalegezwa tena, ati watu wapate nyumba za bei ya chini. Mimi nazitaka, watu wamebanana. Chukua hiyo ruhusa, mwanangu. Lakini kabla ya makofi uliza swali la tata: na ardhi ni ya nani? Ukijibiwa haraka sana, uliza tena. Ukiambiwa ungoje, nunua waya.

Mungu akupe mlango wako mwenyewe, na kila anayebisha hodi bila vigingi apate uji ndani.