Taa Nyuma ya Runinga ya Kaka Saidi

Usiku ule nililala na hasira, hasira ya kusaga meno. Wiki mbili kabla yake kaka yangu Saidi alikuwa ameleta nyumbani runinga mpya, bapa, pana kama mlango, na nyuma yake akabandika utepe wa taa uliozunguka kingo zote. Jioni ile majirani walikuja kuiona. Saidi akawa anabonyeza rimoti, ukuta unageuka zambarau, kijani, nyekundu, huku akiwaeleza kwamba taa ya nyuma inapumzisha macho, na kwamba mtu mwenye akili zake haangalii runinga gizani.

Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe vya chai. Nilitamani kulibwaga pale pale.

Maana maneno hayo ya kupumzisha macho tuliyasikia kwanza kwa dada yetu Zuhura. Zuhura alikuwa na kipandauso. Alipoangalia runinga gizani, kila picha ilipobadilika, mwanga ulimchoma machoni hadi kisogoni, akainuka akishika ukuta. Muuguzi wa macho ndiye aliyemshauri aweke taa ndogo nyeupe nyuma ya runinga, hafifu, imulike ukuta tu isimpige usoni, ili macho yasihangaike kati ya kioo king'avu na giza totoro. Zuhura akanunua kitaa cha kuchomeka, akakificha nyuma ya runinga yetu ya zamani, na kikamfaa. Akaweza kukaa nasi mpaka mwisho wa tamthilia.

Saidi alikizima. Alisema mpira unataka giza, na kwamba kile kitaa kinaifanya sebule ifanane na duka la vocha. Zuhura alikiwasha, yeye akakizima, hivyo hivyo kila jioni. Mimi niligombana naye mpaka Mama akatunyamazisha, na Zuhura mwenyewe akanivuta pembeni akaniomba nimwache kaka, tusigombane kwa ajili yake. Akahamia chumbani. Miezi yake ya mwisho, kabla ugonjwa wa figo haujamchukua, alikuwa anatusikia tukicheka akiwa upande wa pili wa ukuta.

Basi nikalala na hayo, na Zuhura akaja.

Nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu, akaingia kwa mlango wa uani, amevaa gauni lake la njano la kufulia. Kile kitambaa alichozoea kujikaza nacho kichwani maumivu yakimshika hakuwa nacho. Paji la uso lilikuwa wazi, laini, kama la msichana. Hakunisalimu. Alinipita akashika njia ya ukumbini, nami nikamfuata, kisu bado mkononi.

Ule ukumbi ukawa wodi. Vitanda vimepangwa huku na huku, vitupu, shuka zimekazwa, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Zuhura hatazami kitanda chochote, hata kile alichofia. Anatembea upesi, upesi kuliko alivyowahi kutembea akiwa hai, na mimi ninahema nyuma yake. Mwisho wa wodi kuna mlango wa sebuleni kwetu, anausukuma.

Ndani wamekaa Saidi na majirani, wametupa mgongo. Hakuna anayegeuka. Ukuta unabadilika rangi, zambarau, kijani, nyekundu, na vivuli vyao vinarukaruka hadi darini. Kiti kimoja tu kiko wazi, kiti cha Mama, chenye mto alioudarizi mwenyewe. Zuhura anauweka mkono wake juu ya mto ule, kama mtu anayepima kama kuna joto.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia amelala. Siku hizi anachoka mapema.

Akanitazama. Zuhura alipokuwa hai hakuwahi kumkasirikia mtu mbele yangu. Sasa hasira imemjaa usoni.

"Hata mimi mlisema nimechoka."

Ninataka kumjibu, ninataka kumuuliza kama kichwa bado kinamuuma huko aliko, lakini mdomo wangu umejaa kitu kama pamba. Anasogea mpaka ninaisikia pumzi yake.

"Nilikuambia umwache Saidi. Nilikosea, Tatu. Nenda kamwambie."

Ukuta ukageuka mwekundu, na uso wake ukawa mwekundu. Ukageuka kijani, sikumwona tena.

Niliamka adhana ya alfajiri ikilia. Sikunawa hata uso, nikaenda chumbani kwa Mama. Nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani, amekikaza hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza kwa nini siku hizi anaondoka sebuleni kabla ya taarifa ya habari. Akasema ni uchovu. Nikamwambia Zuhura amenijia. Akautazama mlango.

"Zile rangi zinanipiga kichwa," alisema. "Lakini mwenzako ameifurahia runinga yake. Mwache."

Mwache. Neno lile lile. Nilitoka mle chumbani nikimtafuta Saidi.

Saidi alikuwa uani anapiga mswaki. Sikumwamkia.

"Zuhura amekuja," nikamwambia. "Anauliza kwa nini Mama hayupo sebuleni."

Akatema povu, akasema ndoto ni mawazo, nisimharibie asubuhi. Nikamweleza yote, kuhusu kitambaa cha Mama, kuhusu rangi. Alisema hakujua kwamba Mama anaumwa kichwa. Nikamwambia hakuuliza, kama ambavyo hakumuuliza Zuhura, na kwamba taa anayoringia kwa majirani ndiyo aliyomzimia dada yetu kila jioni, ila hii ameitia wazimu. Saidi akabaki ameshika mswaki, maji yanamchuruzika mkononi. Akaingia ndani.

Jioni alikaa na ile rimoti akaitafuta rangi nyeupe, akaipunguza mpaka ukuta ukabaki na mwanga mtulivu usiohamahama. Nikaenda kumwita Mama. Alikuja akisitasita, akakaa kwenye kiti chake, akaangalia taarifa ya habari yote, akabishana hata na mtabiri wa hali ya hewa. Saidi akamuuliza taratibu kama iko sawa hivyo. Mama akasema iko sawa, hata watu usoni wanaonekana watu.

Saidi akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kusamehewa.

"Zuhura alikuomba hiki hiki," nikasema, mbele ya Mama.

Alijifanya anaangalia matangazo. Nami sikumwondolea macho.