Orodha ya Mbuzi Isiyoisha

Shangazi yangu wa Tulia alinisifu mbele ya kikundi chao cha wafugaji kabla hata hajaniuliza. Aliwaambia kwamba mtoto aliyemlea yeye, darasa la kwanza hadi la nane, anaijua kompyuta kuliko anavyojua kuosha vyombo. Daktari wa mifugo alikuwa amesema atachanja tu mbuzi walioandikwa kwenye seva yake, na mwisho ni Ijumaa saa kumi. Homa ya mapafu ilikuwa imeshaanza kuua mbuzi upande wa Tseikuru, waliko mbuzi wa shangazi. Basi Ijumaa asubuhi nikatoka Kitui mjini, nikafungua laptopu kwenye meza yake ya jikoni, nikajiona daktari kuliko daktari.

Kazi yenyewe ilionekana ya dakika kumi. Ndani ya programu niliyoiandika kila mtu alikuwa na mbuzi wake, na kila mbuzi alikuwa na mtu anayemtunza. Seva haipokei vitu vilivyoshikana hivyo. Inataka maandishi tu, mstari mmoja mrefu, kwa hiyo programu lazima ifungue kila kitu na kukiandika pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Nikabonyeza. Feni ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na orodha ikakataa kuisha.

Shida ilikuwa shangazi na rafiki yake. Rafiki huyo ni mama Mwislamu mwenye duka kule Tseikuru. Kwa miaka mingi wametunziana mifugo: wa shangazi wako kule, wa mama wa duka wako Tulia, ili ukame ukipiga upande mmoja kila mtu abaki na kitu. Programu ilimwandika shangazi, ikaandika mbuzi wake, ikamwandika mtunzaji wao, yaani mama wa duka, ikaandika mbuzi wa huyo mama, kisha mtunzaji wao, ambaye ni shangazi. Ikaanza upya.

"Kwani kila mtu hawezi kukaa na mbuzi wake?" nikafoka. Mimi hasira zangu huwa karibu, hasa nikiwa nimekosea mwenyewe.

"Watu wamefanya hivi kabla uzaliwe," shangazi akasema, "na hakuna mbuzi amewahi kulalamika."

Nikawafuta watunzaji wote. Orodha ikaenda mara moja, nami nikaitisha chai. Saa nane mama wa duka akanipigia simu, nikaiweka kwa spika.

"Daktari anasema orodha haina watunzaji, kwa hiyo mbuzi wa shangazi yako wote wako Tulia, hatapita kwangu. Sasa hawa nawaona hapa nje ni swara?"

Shangazi hakucheka. Aliweka kikombe chini, na nikaona kwamba anaogopa. Kisha akanivuta mkono hadi zizini, akamkamata mbuzi mmoja wa rafiki yake na kulikunjua sikio lake. Lilikuwa limekatwa mapengo mawili madogo.

"Hii alama inasema nini?"

"Ni wa mama wa duka, Aunty."

"Na yeye mwenyewe ako ndani ya sikio?"

Niliona aibu ya mtu aliyesomea kazi hiyo miaka minne. Nikarudi jikoni, nikampa kila mtu namba, na kila mbuzi akabeba namba ya mwenye mbuzi na namba ya mtunzaji, basi, bila kuwabeba wao na mali yao yote. Saa kumi kasoro dakika sita seva ikajibu kwamba imepokea.

Wiki iliyofuata mama wa duka alipiga kusema wote wamechanjwa, na mmoja amempiga daktari teke. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Alipotulia nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: mama yangu wa Matinyani aliponiacha kwake nikiwa mdogo, ni alama gani iliyoonyesha mimi ni wa nani?

Akanishika sikio taratibu, kama alivyolishika lile la mbuzi.

"Wewe hukukatwa, mwana wakwa, mwanangu. Na mimi nilikuwa naomba mama yako asahau kukujia."