Bluberi za Bramwel

Niseme mapema ili watu wa afya wasije kunitafuta: sina ugomvi na bluberi. Ni tunda zuri. Ni dogo, la mviringo, rangi yake ni samawati iliyokaribia weusi, na ukiligeuza utaona limevaa kitaji kama mtoto wa chifu. Lina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, lina vitamini C, na ile rangi yake nzito ina vitu ambavyo wataalamu wanasema huenda vikasaidia moyo na mishipa. Sukari yake si nyingi ukiliweka kando ya embe au ndizi iliyoiva. Hayo nilifunzwa darasani, kwenye diploma ya lishe ambayo iliniacha njiani, lakini iliniacha tukiwa tumeshamaliza mada ya matunda.

Ugomvi wangu ni na mkoi wangu Bramwel.

Bramwel ni mtoto wa Senge Ayuma, dada ya baba yangu. Kwetu senge si mtu wa kuchezea. Ndiye anayeweza kumkemea baba yako mbele yako na baba akaitikia. Huyu wetu anauza mboga za kienyeji kwenye kibanda karibu na lango la mtaa wa Shieywe: lisutsa, ile ambayo wengine wanaiita managu, na saga, na mitoo, na kunde, na mrenda. Mrenda hauzii kila mtu. Mteja akiutaka anaulizwa kwanza kama nyumbani ana musherekha, ile chumvi ya majivu. Akisema hana, anapewa kunde na kuambiwa aende salama. Nimeona mwalimu mkuu mzima akirudishwa na kunde zake kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani.

Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari mpaka akafariki. Senge akabaki na nyumba, kipande cha shamba, kibanda, na kanisa. Yeye ni wa Friends, na watu wa Friends hawaapi. Hawasemi haki ya Mungu wala haki ya mama. Kwao ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana, na basi. Shika hapo, kwa sababu ndipo Bramwel alipokanyaga.

Senge ana ugonjwa wa sukari, miaka kadhaa sasa. Alikuwa ameuzoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Asubuhi na jioni alikula obusuma, ugali wa kiasi cha ngumi yake, kando yake mlima wa mboga, kisha akameza dawa. Kliniki walikuwa wanamsifu. Hakuna aliyemwita mgonjwa, na yeye mwenyewe hakujiita.

Ndipo Pasaka Bramwel akashuka kutoka Nairobi. Kule anauza bima, na jioni anasomea udaktari kwenye simu, kwa watu wanaojirekodi wakiwa jikoni wamevaa koti jeupe. Aliingia jikoni kwa mamake akauinua mwiko juu kama askari aliyepata bangi.

"Mama, hiki ndicho kitu kinakuua."

"Huo ni mwiko, papa," Senge akasema. Papa ndivyo mama wa kwetu anavyombembeleza mwanawe.

"Ugali, Mama. Ugali ni sukari tupu. Wewe unajaza sukari tumboni halafu unameza dawa ya sukari. Hiyo ni akili?"

Akachukua debe la unga akampelekea Muhonja, jirani wa nyumbani na wa kibanda cha pili, anayeuza nyanya na maneno. Muhonja alilipokea bila kusita. "Na mchele je, haumuui?" akauliza. "Kama unaua leta pia, mimi nitakufa pole pole."

Badala ya unga, Bramwel akafungua boksi la barafu, akatoa vibakuli vya plastiki vilivyojaa bluberi. Senge aliweka moja kiganjani akaigeuza.

"Hii si tunda ya lisutsa?" akauliza.

Na ukweli ni kwamba zinafanana. Lisutsa ikikomaa inazaa vitunda vyeusi, na kila mtoto wa huku amevila njiani akitoka shule mpaka ulimi ukageuka zambarau. Muhonja, aliyekuwa amemfuata Bramwel, akachungulia kutoka mlangoni.

"Mama Bramu, mtoto amesafirisha kwa barafu kitu sisi tunaachianga ndege."

"Hii ni bluberi," Bramwel akasema kwa ule uvumilivu wa mtu anayeelimisha kijiji. "Dunia nzima ndiyo wanakula. Asubuhi bakuli, jioni bakuli. Ugali hapana. Umekubali, Mama?"

"Burubeli," Senge akajaribu neno. Kisha akamtazama mtoto wake wa pekee, aliyesafiri na barafu kwa ajili yake. "Ndiyo. Sitapika obusuma mpaka wewe useme."

Bramwel akarudi Nairobi akiwa ameokoa maisha.

Sasa sikiliza kilichofuata, na uniambie kama nina haki ya kukasirika. Zile nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, ukizila bakuli zima asubuhi na bakuli jioni wakati tumbo halijazoea, zinalisaidia mpaka linaomba poo. Senge alifunga kibanda kwa sababu hakuweza kukaa mbali na choo. Gesi ilimjaa akawa anaomba radhi kanisani, na ibada yao ina muda wa watu wote kukaa kimya. Bluberi zilipoisha, supamaketi za hapa mjini hazikuwa nazo, na siku zilipokuwapo kibakuli kimoja kilikuwa na bei ya kuku. Bramwel akasema hakuna shida. Akaanza kutuma kwa basi maboksi ya kinywaji cha bluberi, kwa mbele pamechorwa tunda linalong'aa kuliko maisha yetu sote.

Nililigeuza boksi nikasoma nyuma. Maji, sukari, halafu majina marefu ya kiwandani, halafu kule mwisho kabisa, bluberi, kama mgeni aliyesikia harusi akaja bila kualikwa. Nikampigia Bramwel.

"Mkoi, hiyo kitu ni soda imevaa suti."

"Titus, wewe diploma yako ulimaliza lini?"

Nikakata simu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu akikosea anakukumbusha ulipokosea wewe, na makosa yake yanaendelea kusafiri kwa basi.

Senge akaendelea kunywa kwa uaminifu. Nilimsihi aache. Akasema alishasema ndiyo. Akawa na kiu isiyoisha, akawa anaamka kukojoa usiku kucha, nguo zikaanza kumpwaya. Kisha macho yakaingia ukungu. Siku moja alimfungia mteja saga akisema ni mrenda. Senge Ayuma, ambaye anaijua mboga kwa kuishika tu. Mteja alikuwa mtu mzuri akanyamaza, lakini Muhonja aliona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Alimpigia Bramwel mwenyewe.

Bramwel akaja. Alikuja na kimashine cha kupima sukari, na hakungoja wafike nyumbani. Palepale kibandani, wateja wamesimama, akamdunga mamake kidole. Mashine ikatoa namba. Bramwel akaitazama, akatazama mamake, na uso wake ukabadilika kama wa mwalimu aliyekamata mwizi wa mtihani.

"Mama, unanidanganya."

"Nimekudanganya nini?"

"Unakula ugali. Unangoja nikienda unapika usiku. Namba haiwezi kuwa hivi."

"Bramwel, mimi sijapika obusuma tangu ukuje."

"Acha uongo, Mama. Hii mashine haidanganyi, wewe ndiye unadanganya."

Wateja wakaanza kuangalia miguu yao. Nimemsikia Senge akitukanwa na walevi akacheka. Siku hiyo hakucheka. Alishika ukingo wa meza. Na Bramwel hakuwa amemaliza.

"Sasa basi. Jumapili tunaenda Nairobi. Utakaa kwangu, nitakuchunga mimi mwenyewe, kwa sababu wewe huwezi kujichunga. Kibanda achukue Mama Muhonja."

"Mimi sitaki kibanda ya mtu ako hai," Muhonja akasema.

Fikiria hiyo hukumu. Mwanamke aliyelea, aliyezika mume, anayewaamulia walimu wakuu wapike nini, anaambiwa atafungiwa kwenye nyumba ya ghorofa ya nne, atazame televisheni na kuletewa matunda kwa bakuli kama kasuku. Nikamwambia Bramwel kwamba kabla hajamhamisha mtu, mtu huyo apite kliniki. Alikubali kwa sababu alitaka daktari amuunge mkono. Hata suti alivaa.

Kliniki ya sukari ina sista mmoja anaitwa Chebet, mwembamba, sauti ya chini, hana haraka na mtu. Bramwel alianza kumweleza kuhusu ugali na watu wa vijijini. Sista akamwachia amalize, kisha akamgeukia Senge kana kwamba redio ilikuwa imezimwa.

"Mama Ayuma, dawa unameza?"

"Namezanga nikikula, sista. Si mlisema baada ya kula?"

"Tulisema. Na unakula?"

"Sijakula. Tangu Pasaka."

Bramwel akaruka. "Sista, huyu leo asubuhi amekula bakuli ya bluberi, mimi mwenyewe nimemletea. Na jioni anakunywa. Anasema hajakula aje?"

Sista Chebet aliweka kalamu chini. "Mama, hujakula nini? Ugali?"

Senge akamshangaa. "Sasa kuna kula kungine?"

Kisha akafungua mkoba akatoa dawa. Zilikuwa zote. Pakiti za mwezi huo na za mwezi uliotangulia, zimefungwa kwa mpira, hata moja haijapasuliwa. Alikuwa amezitunza vizuri, anangoja siku atakapokula.

Kama hujazaliwa huku, nikueleze. Kwetu kula ni obusuma. Chai na mkate ni kushika tumbo. Viazi ni kungojea. Mahindi ya kuchoma ni mazungumzo. Unaweza kutafuna tangu alfajiri mpaka jioni, na mtu akikuuliza kama umekula, ukajibu kwa moyo safi kwamba bado. Senge aliambiwa asimeze dawa kabla ya kula, akatii. Aliambiwa asile obusuma, akatii. Watu wawili walimpa amri, akazishika zote mbili bila kuacha hata nukta, na utiifu huo ndio uliokuwa unamla macho.

"Mimi ni Mkalenjin," sista akasema, "na mama yangu anaweza kumaliza sufuria ya viazi aseme hajala. Makosa ni yetu pia. Tunasema 'baada ya kula' kama wote tunakula kitu kimoja." Akamgeukia Bramwel. "Lakini wewe ni wa hapa. Ukiwa mdogo ukiambiwa njoo ukule, ulikuwa unaletewa bluberi?"

Bramwel akalegeza tai. Angejibu nini? Shingo ile yote imejengwa na obusuma.

Sista akaeleza polepole, na nilifurahi kwamba Bramwel alilazimika kusikiliza bila kubonyeza chochote. Bluberi mbichi hazina ubaya, kiganja kimoja, mama akizipenda na akizipata bila kuuza kuku. Hata mapera na zambarau za hapa ni matunda. Lakini tunda halichukui nafasi ya dawa, na halichukui nafasi ya chakula. Hicho cha boksi akimwage. Ugali arudie kiasi chake cha ngumi na mboga zake nyingi. Na dawa, ameze na chochote kilichoingia tumboni, kiitwe kula kisiitwe kula. Macho wangeyaangalia tena sukari ikishuka, na alikuwa na tumaini, lakini hakuahidi.

Tulipotoka nje Bramwel akasafisha koo. "Mama, mimi sikujua."

"Sijauliza kama ulijua. Ulisema nadanganya."

"Nilikuwa na hofu, Mama. Niliona ile namba nikafikiria unakufa."

"Najua. Ulisema ukiwa wapi?"

"Si ni pale kibandani."

"Basi twende kibandani."

Akatangulia. Yule mtu wa macho ya ukungu alitembea mbele yetu sote, na Bramwel na suti yake nyuma, akiruka madimbwi. Pale kibandani Muhonja alikuwa anahudumia wateja wa pande zote mbili. Senge akaketi kwenye kigoda chake, akapanga mafungu mawili matatu ya lisutsa, kisha akasema, "Haya."

Bramwel akanong'ona kitu.

"Hawa wa nyanya hawajasikia," Senge akasema.

"Mama hakudanganya. Hakula ugali. Mimi ndiye nilikosea." Akatazama chini. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto, "Na Jumapili?"

"Jumapili niko kanisa. Jumatatu niko hapa. Ukitaka kunichunga, simu iko, piga uniulize kama nimemeza. Uniulize nimemeza, usiniulize nimekula."

Muhonja akaona nafasi yake. "Na lile debe la unga, mimi nilimaliza. Mlisema ni sumu, nikaona niwaokoe."

Senge alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka tai. Mimi ningemwambia aende zake, na boksi lake la barafu alibebe kichwani. Lakini mimi si mamake, na hasira yangu haina mtu wa kulisha.

"Jua linashuka," akamwambia. "Nenda uniletee unga. Ule wa posho mill, si wa paketi. Na wewe utakula kabla ya kurudi Nairobi."

Akaenda. Alirudi ameukumbatia mfuko, suti nyeusi imekuwa nyeupe kifuani, na watu wa Shieywe waliokuwa wanatoka kazini wakampisha njia.