Alama ya Tamar Clegg

Siku zile, mjini kwetu Harclough, hapakuwa na mtu aliyezaliwa, kuoa au kufa sawasawa mpaka Enos Clegg awe amemwandika. Ofisi yake ya usajili ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mkewe, Tamar, alisugua kizingiti kila asubuhi na kuwafungulia mlango wenye vichanga na wenye misiba. Kwa namna walivyobisha, alijua wamekuja kuandikisha nini.

Tamar aliingia kiwanda cha sufu akiwa na miaka minane. Shule ya Jumapili ilimfundisha kusoma Biblia, lakini kuandika haikumfundisha. Siku ya ndoa yake, mahali pa sahihi, alitia msalaba. Enos aliutazama ule msalaba, akaiweka kalamu chini, asiseme neno. Miaka ishirini na minne ilipita, na kule kutosema neno kungali kumemkaa Tamar rohoni.

Kisha mzee Lumb akafa, na binti yake Orpah, mwalimu wa shule iliyopakana na kanisa letu, akaja kuandikisha kifo. Jioni ile, mbele ya chai, Enos alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusikiliza muziki.

"Mama, leo nimeona mwandiko."

"Wa nani?"

"Wa Mwalimu Lumb. Hiyo L yake! Imeinama kama shingo ya bata maji."

"Mtu kafiwa na baba yake, nawe unatazama L?"

"Pole nilimpa kwanza," alisema Enos.

Tangu hapo, kila maharusi walipokosa shahidi ajuaye kuandika, Enos aliwashauri wamwite Mwalimu Lumb, kwa kuwa alikuwa karibu. Wengi walikosa. Jirani yao, Bibi Hepworth, alilitazama jambo hilo kutoka dirishani pake kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Mwenzangu, mumeo kila Jumamosi yuko kwenye harusi na yule mwalimu, na wewe umekaa tu unamenya viazi!"

"Anaozesha, haoi."

"Haya. Mimi nimesema viazi."

Tamar alicheka, akaingia ndani, akavimenya vile viazi mpaka vikabaki kama gololi.

Majuma matatu kabla ya Pentekoste, binti yao Zillah alipokuwa akijiandaa kuolewa sikukuu hiyo, swali la mashahidi lilifika mezani. Wa kwanza angekuwa baba wa Wilfred, bwana harusi.

"Na wa pili," alisema Zillah, akikata mkate bila kuinua macho, "nilidhani Mwalimu Lumb. Ukurasa wangu upendeze, Mama."

Tamar alimgeukia Enos, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kupaka mafuta ya nyama kwenye mkate.

"Nitasimama mimi," alisema Tamar. "Baba yako aliandika tarehe tu. Kuzaa, nilikuwepo mimi."

"Lakini ule msalaba, Mama. Wazazi wa Wilfred watadhani..."

"Watadhani nini?"

"Sheria inakubali msalaba," alisema Enos kwa upole.

"Sheria sikuiuliza, Baba."

Enos alikuwa na desturi ya kuacha daftari wazi mezani likauke huku akila chakula cha mchana jikoni. Kila alipoketi kula, Tamar alikumbuka kwamba chumba cha mbele kina vumbi. Jina la Clegg lilikuwa rahisi: mumewe alilitia mwisho wa kila andiko. T aliipata kwa Thomas fulani aliyeuawa na kifua. Lakini a, m na r alizitafuta ukurasa baada ya ukurasa, na hapakuwa na zilizo wazi na nzuri kama zile za Orpah Lumb. Aliuma meno, akazichukua. Jikoni alizichora kwa kidole katika unga wa shayiri, akazifuta, akazichora tena, huku akimchukia mwenye nazo.

Siku ya harusi, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, Zillah na Wilfred walitia sahihi zao, na baba wa Wilfred akatia yake. Enos hakutaka mkewe asubirishwe mbele ya watu. Kwa huruma, na kwa mazoea ya kazi, alikwisha kuandika mahali pa shahidi wa pili: *Alama ya Tamar Clegg*, akaacha nafasi ya msalaba katikati.

Mwalimu Lumb alisogea. "Nikushike mkono, Bibi Clegg?"

"Mkono wangu haujachoka, Mwalimu."

Tamar aliinama, akasoma. Damu ilimpanda usoni.

"Baba, umeandika nini hapa? Futa."

"Daftari la serikali halifutwi, Mama."

"Basi kata."

Enos hakuelewa, lakini alikata. Tamar alichovya kalamu, na taratibu, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo, aliandika jina lake zima.

Enos aliitazama ile m kwa muda mrefu. Akamtazama Mwalimu Lumb, aliyekuwa ameitambua pia na ambaye sasa alishughulika na vifungo vya glavu zake.

"Mwandiko huu umeutoa wapi?" alimnong'oneza mkewe.

"Daftarini mwako. Ndimo ulimokuwa ukitazama."

Enos alilivuta daftari. Ilimbidi aandike pembeni mwa ukurasa kwamba kosa ni la msajili, la kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi yake.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Enos alimimina chai mwenyewe, akampelekea mkewe kikombe.

"Zile g mbili ni zangu," alisema. "Hata Mwalimu Lumb hawezi g kama..."

"Baba," alisema Tamar, "huyo asitajwe tena mezani pangu."

"Hatatajwa."

Tamar akanywa chai yake. Kisha akamtupia mumewe jicho, kuona kama bado anamwaza yule mwalimu.