Furaha alipoitwa kutoka jikoni

Nisameheni, ndugu wasomaji, sijawaandikia siku nyingi.

Leo, hapa kijijini Ngezi, wazee wa ukoo tulikusanyika kwa mazungumzo ya video mbele ya kompyuta yangu ya Linux. Huko mjini Aru, familia ya kijana aliyeleta posa ilisubiri jibu letu: je, tunamwoza binti yangu Furaha?

Mtandao ukakatika.

Nikaizima mashine, nikaiwasha. Bure. Shemeji akacheka: "Muzee, omba tu!"

Kwa desturi, binti hakai katika mazungumzo hayo. Lakini fundi wa kompyuta nyumbani ni yeye. Tukamwita kutoka jikoni.

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika namba ya kompyuta fulani ng'ambo ya bahari.

Ikajibu kabla sijameza mate. Ujumbe kwenda ng'ambo na kurudi! Nilisimama kwa mshangao.

"Njia iko muzuri, Papa. Mashine haijue tu fasi ya kuuliza majina ya site."

Akaandika anwani ya mahali hapo, pa kugeuzia majina ya tovuti kuwa namba. Nyuso za Aru zikarudi.

Furaha hakuondoka.

"Bamama na bapapa, munakubali nimalize kwanza masomo?"

Sijawahi kusikia binti wa kwetu akiuliza hivyo. Watu wa Aru wakageukiana, wakanong'onezana.

Nanyi mngejibuje? Sisi bado tunashauriana. Tukikata shauri, nitawaandikia.