Uso wa Kwenye Karatasi

Siku niliyomjua Tonton Libère, alimng'oa mtu meno kwa ngumi moja pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na bandari, na yule mtu alikuwa na kisu. Mama yangu Colette na mimi tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia Durban. Kijana alishika mfuko wetu anavuta, mama naye anavuta, kisu kikatoka. Libère alikuwa akilinda magari ya watu upande wa pili wa barabara. Alivuka. Nilisikia mlio kama ubao unavunjika, na kijana akakaa chini, anatema damu kwenye kiganja chake.

"Muko ba wapi?" Libère akatuuliza.

"Uvira," mama akasema.

Akachukua mfuko, tukamfuata.

Tulikaa naye chumba kimoja kule mtaa wa Point. Sisi upande huu wa pazia, yeye na mke wake Élisabeth upande ule, na Anaclet kinyozi analala jikoni. Mimi nilimwita tonton, kama sisi watu wa Congo tunavyomwita mwanaume aliye kama mjomba. Kwao alikuwa akipakua samaki bandarini Kalundu, na Jumapili anapigana ngumi watu wanatazama. Halafu vita vikaja. Askari walimfunga mikono nyuma, wakamuua kaka yake mbele yake kwa mpini wa jembe. Hilo alinieleza Élisabeth, yeye mwenyewe hakulisema. Alisema tu kwamba mikono yake haitafungwa tena. Durban hii alipiga wengi. Waliokuja kumnyang'anya mtaa wake wa magari aliwapiga mpaka wakawa wanauzunguka.

Lakini alikuwa hajaandikishwa. Alikuwa na kikaratasi cha kumwita ofisini siku moja tu, ajiandikishe kama mkimbizi. Siku ile ikipita, polisi wakimshika, ni gari hadi mpakani.

"Wanachukua alama za vidole vyote kumi," Anaclet akamwambia. "Mimi nilikuwa nimejikata na wembe, kidole kiko na bandeji, wakanirudisha nyumbani. Weye na hizo ngumi zako, utafika pale vidole vimevimba kama ndizi."

"Congo iko ndani ya SADC sasa," Libère akasema. "Mutu anaingia inchi ya mwenzake kama nyumba ya shemeji."

"Shemeji gani? Kamwambie askari wa getini hivyo."

Alicheka, lakini neno lilimwingia. Wiki ile alivaa soksi za Élisabeth mikononi, na jioni anajipaka mafuta kila kidole. Wale wa mtaa wa magari wakagundua. Walikuja wakampiga makofi mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaojaribu ngoma sokoni. Yeye mikono mfukoni.

"Eish, bibi harusi!" wakamwita, kwa ajili ya zile soksi.

Siku yenyewe tulikwenda wote, maana mama naye alikuwa na shida ya karatasi. Pale ofisini foleni ilikuwa na sheria yetu wenyewe. Mtu anaweka jiwe lake mahali pake, anaweza kwenda msalani au kukaa kivulini, jiwe linamsimamia. Libère aliweka jiwe la kwake, limefungwa kitambaa chekundu cha Élisabeth. Tuliporudi kutoka kivulini halikuwepo. Pamesimama vijana wanne, na mkubwa wao anaitwa Israël, mtu wetu kabisa, wa Bukavu.

"Jiwe yetu iko wapi?" Élisabeth akauliza.

"Mama, jiwe limekwenda kunywa chai," Israël akasema. Wenzake wakacheka.

Élisabeth akamshika shati. Israël akamsukuma, akaanguka kwa mgongo kwenye saruji. Nilimwangalia Libère. Mikono ilitoka mfukoni, nikaiona inajikunja. Halafu akaiingiza chini ya kwapa zake, huku na huku, akaibana, akaenda kusimama pale pale jiwe lilipokuwa.

"Jiwe ni mimi," akasema.

Walimpiga. Ngumi za kwanza zilikuwa za mzaha, halafu walipoona harudishi zikawa za kweli. Mmoja akaokota tofali. Jicho la kushoto likafumba, mdomo ukapasuka. Alianguka kwa magoti, mikono bado iko kwapani, damu inaingia kifuani. Watu wa foleni walishika nafasi zao. Hakuna aliyetoka, maana ukitoka umepoteza. Askari wa getini akaja na kiboko, wale vijana wakakimbia, akabaki Libère. Basi askari akampiga yeye.

"Bosi," Libère akasema, "SADC."

Askari akamwongeza.

Alipochoka akamwacha, na mahali pale pakawa pake. Picha za karatasi alizokuja nazo zilikuwa mfukoni mwa shati, zimeloa damu zote. Kando ya geti kulikuwa na mzee mwenye mwavuli na kamera ya kutema picha papo hapo. Akampiga picha jinsi alivyo. Libère akaingia ndani. Alitoka na karatasi, na vidole vyeusi vya wino ameviinua juu kama mtoto aliyetoka kula.

"Kumi!" akasema, na jino moja halipo. "Wamechukua kumi!"

Élisabeth alilia kwa furaha, anamfuta wino kwa mate.

Halafu uso ukapona. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Polisi walimsimamisha kwenye robot, wakatazama karatasi, wakamtazama yeye. "Huyu si wewe. Umemwibia nani?" Wakamrusha ndani ya gari, na kule walikompeleka walimpiga nyayo za miguu mpaka Élisabeth alipofika na watu wa kanisa. Kule Pinetown, nje ya mji, alipata kazi ya kiwanda, bosi akaona picha, akamfukuza kwa mbwa. Mbwa alichukua nyama ya paja.

Karatasi ile ilikuwa ya miezi michache, lazima irudishwe ofisini iongezwe muda. Siku ilipokaribia, Anaclet akaikagua, akatikisa kichwa.

"Karani atasema umenunua ya mtu. Ataichana."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Libère akavuta kigoda katikati ya chumba, akakaa.

"Anaclet, nipige."

Anaclet akampiga kofi moja, jingine.

"Unaninyoa ama unanipiga?"

"Tonton, siwezi."

Élisabeth akainuka. Akachukua mchi wa kutwangia sombe, akaukung'uta majani ya muhogo. Mama yangu alitoka nje. Mimi nilipewa karatasi niishike, nilinganishe. Libère akaweka mikono kwapani.

"Funga macho," Élisabeth akasema.

Alipiga mara ya kwanza akapiga kelele yeye, siyo Libère. Mara ya pili hakupiga kelele. Damu ilirukia pazia letu. Akasimama, anahema, ananiangalia mimi.

"Jicho la kushoto bado," nikasema.

Akalipiga.

Asubuhi tukaenda. Karani alikuwa mwanamke, ana miwani. Alitazama picha, akatazama uso, hakuuliza kitu, akagonga muhuri. Nikamsikia Libère anashusha pumzi. Halafu karani akakuna ile picha kwa ukucha. Ilikuwa imeanza kubanduka, ina damu ya zamani pembeni.

"Hii imechakaa," akasema. "Nenda getini, kalete nyingine sasa hivi, niibandike."

Mzee alikuwa pale pale chini ya mwavuli wake. Alimkumbuka. "Wewe tena!" akasema, akainua kamera. Libère akasimama wima, jicho moja wazi. Picha ikatoka, akaipuliza ikauke, akampa Élisabeth aione.

Élisabeth aliitazama: uso ule ule, jicho la kushoto limefumba. Karani akaibandika, tukarudi. Tulipofika Point akaosha ule mchi, akaupangusa, lakini hakuurudisha jikoni. Aliuweka chini ya kitanda, upande anaolala yeye.